Behewa Lisilo na Gundi

Ashadh 2, mwezi ukikua

Mwezi wa Ashadh umeingia, mvua haijanyesha, na mimi nimepewa kazi. Mimi Monghi, mke wa seremala, ambaye hadi jana kazi yangu ilikuwa kupepeta mtama na kugombana na jirani.

Kisa chenyewe ni hiki. Bapu, mtawala wetu hapa Ranvad, ameamua kulichukua behewa moja kuukuu la abiria na kuligeuza liwe la mama yake, Basaheb, ili aende kuhiji Dwarka, mji wa Krishna, kwa siku ya kuzaliwa Krishna. Kazi amepewa mume wangu. Lakini Basaheb yuko nyuma ya pazia tangu siku aliyoolewa, na hakuna mwanamume wa nje aliyewahi kumwona uso. Fundi atajuaje akae wapi, achungulie wapi, mungu wake Thakorji amlaze wapi, ikiwa hawezi kumuuliza? Ndipo Kavasji Saheb, mkuu wa karakana, akasema, "Fundi, si una mke? Tena nasikia anajua kuandika." Baba Rambha karudi nyumbani meno yote nje. "Mama Rambha, kesho uoge vizuri, unakwenda ikulu."

Nitamwita Baba Rambha hata humu, kwa jina la binti yetu. Mke halitamki jina la mumewe, na sijui kama kuliandika ni sawa na kulitamka. Sitaki kujaribu.

Ashadh 3, mwezi ukikua

Nimemwona! Nilidhani nitakuta mwanamke mnene mwenye dhahabu mpaka kwenye meno. Nimekuta kibibi kikavu, sari nyeupe ya ujane, shingo tupu, macho yameingia ukungu, na sauti ya askari. Hirbai, mtumishi wake, alinishika kisogo akakiinamisha kana kwamba mimi ni mbuzi, akaninong'oneza nimwite Ba, yaani mama.

"Wewe ndiye mke wa fundi?"

"Ndiyo, Ba."

"Mumeo huoga kabla ya kazi?"

Nikasema huoga. Na ni kweli, karibu kila siku.

Nilikaa pale tangu asubuhi mpaka miguu ikafa ganzi. Habari nzima ni ya Thakorji. Thakorji wake ni Krishna mdogo wa shaba, urefu wa kiganja, na huamshwa, huogeshwa, hulishwa na kulazwa mchana kama mtoto wa nyumbani. Basaheb hali wala hanywi ila kile kilichowekwa mbele yake kwanza. Kwa hiyo behewani lazima kiwepo chumba cha Thakorji, na mtungi wa maji ya kunywa ukae humo humo.

"Na chumba hicho kiwe safi," akasema. "Sisemi safi ya kufagia. Ngozi isiwemo. Mfupa usiwemo. Gundi isiwemo. Unajua gundi inatoka wapi?"

"Najua, Ba."

Mke wa seremala asijue? Ni ngozi na kwato za ng'ombe, zimechemshwa mpaka zikawa uji. Kila kiti na kila kabati la Ranvad limeshikwa na uji huo. Cha hekaluni tu ndicho huungwa kwa vigingi vya mbao, ulimi wa ubao ukaingia kwenye tundu lake, kama walivyofanya babu zetu.

"Mumeo ataweza?"

"Ba, mume wangu hata ukimpa maji atayaunga kwa vigingi."

Hirbai akanifinya. Basaheb hakucheka. Kisha akaniruhusu nimpime kwa uzi, kutoka sakafuni mpaka machoni akiwa amekaa, ili matundu ya dirisha la nakshi yawe sawasawa na macho yake. Nikapiga fundo. Nimerudi na uzi huo kwenye blauzi yangu, na Baba Rambha aliupokea kwa mikono miwili.

Ila kibibi chenyewe ni kero. Anasumbua watu kwa ajili ya kipande cha shaba, Mungu anisamehe.

Ashadh 6, mwezi ukikua

Joto la kuua mtu. Nimegombana na jirani kuhusu kamba ya nguo.

Ashadh 9, mwezi ukikua

Ikulu tena. Hata sijakaa, anaanza:

"Ngozi?"

"Hakuna, Ba."

"Mfupa?"

"Hakuna."

"Gundi?"

"Hakuna."

Ndipo naruhusiwa kupumua. Leo alitaka kujua juu ya mapazia, ndoo ya kuogea, mahali pa Hirbai kulala. Nilipokuwa naondoka akaniita nirudi. Aliwatoa wote nje, hata Hirbai, nami nikaona nimekwisha.

"Monghi, wewe umepanda gari moshi?"

"Mara moja, Ba, nilipokwenda kumzalisha binti yangu."

"Ni kweli kwamba mtu akiwa ndani, miti inakimbia?"

Nikamwambia inakimbia kweli. Ya karibu inakimbia sana, ya mbali inajikokota, na milima inakwenda nawe pole pole. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Hajaona mti wowote isipokuwa ule wa uani kwake tangu ana miaka kumi na minne, na wakati huo alikuja ndani ya gari la maksai lililofungwa mapazia pande zote. Reli ni ya mwanawe, lakini yeye huisikia filimbi tu.

Sikutaka kumwonea huruma, maana mtu mwenye watumishi wote wale wa kumpepea haonewi huruma na mimi. Lakini nimemwonea.

Ashadh 11, mwezi ukikua

Mvua! Imekuja na vumbi na paa la jirani. Ile kamba ya nguo sasa haina mwenyewe.

Ashadh 15, mwezi mpevu

Baba Rambha amenipeleka karakana wakati wanaume wako kwenye chakula. Sijaona kitu kama hiki. Nje behewa ni lile lile la abiria, wamelipaka rangi nyekundu tu. Ndani ni msaji mtupu, umesuguliwa mpaka unajiona. Chumba cha Thakorji ni kidogo, mtu mmoja na magoti yake, na hakina msumari hata mmoja. Baba Rambha alinishika mkono akaupitisha kwenye kiungo cha mlango. "Kitafute," akasema. Sikukipata. Nilipapasa kama kipofu, sikukipata. Tumeoana miaka mingi na sijapata kumwona mtu huyu akiona haya, leo aliona haya kwa furaha.

Ashadh 4, mwezi ukipungua

Mwezi umeanza kupungua na hesabu ya siku imeanza upya, lakini mvua haijapumzika. Unga umeota ukungu, kuni zinalia jikoni, kila mlango wa nyumba hii umevimba.

Basaheb: "Ngozi? Mfupa? Gundi?" Hakuna, hakuna, hakuna.

Ashadh 9, mwezi ukipungua

Siku mbaya. Leo wamelijaribu behewa kwa mara ya kwanza, kwenda mpaka daraja la mto na kurudi. Kavasji Saheb alikaa ndani na saa yake. Baba Rambha alikaa sakafuni, mlangoni pa chumba cha Thakorji.

Walipofika daraja mbao zikaanza kulia. Msaji ulikunywa mvua ukavimba, ukabana vigingi, na behewa lilipotikisika vigingi vikaanza kukatika kimoja kimoja. Ubao wa nyuma ya kiti cha Thakorji ukatoka wote ukamwangukia Kavasji Saheb begani.

Yeye si mtu mbaya. Ni Mparsi, si wa dini yetu, mpole, hupenda mambo yaende kwa wakati. Alimwambia, "Fundi, mimi mambo yenu ya ng'ombe siyaingilii. Nataka kitu kisilie na kisianguke. Bapu amewaalika wageni waje kuliona Jumatatu. Ukishindwa niambie leo, nilete mafundi kutoka mjini."

Baba Rambha ananisimulia haya huku chapati imepoa mbele yake. Mafundi kutoka mjini! Ni afadhali angempiga kofi.

Ashadh 11, mwezi ukipungua

Haongei. Anaondoka kabla ya alfajiri.

Ashadh 12, mwezi ukipungua

Amerudi mchangamfu. Anasema limekwisha, halilii tena. "Umefanyaje?" Anasema amebadilisha vigingi. Nimempikia kitu kitamu.

Ashadh 13, mwezi ukipungua

Nimwandikeje mtu huyu?

Asubuhi nilikwenda karakana na vipimo vya mapazia. Wanaume walikuwa wametoka kula. Nikaingia behewani, nikavua viatu, nikafungua mlango wa chumba cha Thakorji, nikasimama. Pua yangu ilijua kabla yangu. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya mchongaji, baba yangu alikuwa akichonga mihuri ya kuchapia vitambaa, na hapo ndipo nilipojifunza herufi, kinyumenyume. Harufu ile nimekua nayo. Gundi ikiwa kavu haina neno, lakini mvua ikiipata hurudi kuwa ilivyokuwa, ngozi na kwato. Nikapiga magoti nikaangalia nyuma ya kiti cha Thakorji. Kwenye kiungo palikuwa na jasho la rangi ya chai. Nikaligusa. Likanata.

Nilimngoja nyumbani. Hata viatu hakuvua.

"Umetia gundi."

"Nani kakwambia?"

"Pua yangu. Umetia gundi kwenye chumba cha Mungu."

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Mimi ndiye ninayekwenda kuinamishwa kichwa kule. Mimi ndiye ninayeulizwa. Ngozi, mfupa, gundi, kila nikienda, kama polisi!"

Akakaa chini. Akasema hekaluni kuna ngoma, na ngoma imewambwa ngozi ya nini, ya tango? Akasema viatu vya kuhani viko mlangoni, ni vya ngozi. Akasema maziwa anayokunywa Thakorji yametoka kwa nani, si kwa ng'ombe?

"Maziwa ng'ombe ametoa yuko hai!" nikasema. "Hii ameitoa akiwa ndani ya sufuria!"

"Hakuna atakayejua, Mama Rambha."

"Mimi ninajua."

"Basi wewe usijue." Kisha akaanza kulia, mtu mzima yule. Akasema mbao ziliwekwa nje wakati wa mvua na walinzi wazembe, halikuwa kosa lake. Akasema angeshindwa, Kavasji Saheb angeleta watu wa mjini, na jina la baba yake, aliyejenga milango ya hekalu letu, lingetupwa jalalani. "Na Bapu akijua sasa," akasema, "hatanifukuza mimi peke yangu. Nyumba hizi zote za mafundi ni zake. Atatutoa sote kwenye himaya yake, na mvua hii."

Hapo ni kweli. Bapu ana hasira za haraka, na mama yake ndiye kitu pekee anachokiogopa. Nilisema, "Iondoe basi. Ivunje uanze upya." Akasema haiondoki bila kuvunja behewa zima, ameipaka kila mahali, chini, juu, mpaka kwenye rafu ya mtungi wa maji.

Sasa amelala, au anajifanya. Nimemchukia na nimemhurumia, na sijui lipi limezidi.

Ashadh 14, mwezi ukipungua

"Ngozi?"

"Hakuna, Ba."

"Mfupa?"

"Hakuna."

"Gundi?"

"Hakuna."

Limetoka laini kabisa, hata sikujikwaa.

Ashadh, mwezi mwandamo

Jumatatu imefika, wageni wa Bapu wamekuja, wamesifu, wamekwenda. Kavasji Saheb amempa Baba Rambha mkono mbele ya watu wote.

Shravan 2, mwezi ukikua

Mvua. Shravan, mwezi wa kuzaliwa Krishna, umeingia. Hirbai ameniletea sahani kutoka ikulu, chakula kilichotoka mbele ya Thakorji. Basaheb amenitumia kwa sababu kasikia nimekonda. Nimekishika kinywani muda mrefu. Hakikushuka. Nimekitema kwenye mrihani mtakatifu wa uani, kisha nikaogopa, nikauomba msamaha mrihani.

Shravan 3, mwezi ukikua

Mvua. Baba Rambha anasema naongea usingizini. Anasema nasema "hakuna".

Shravan 5, mwezi ukikua

Leo nimekuta kituko. Basaheb amekaa kwenye bembea ya chumbani kwake, miguu imekunjwa, Thakorji kifuani, na Hirbai na wenzake wawili wanamtikisa, si mbele na nyuma kama watu wa kawaida, bali kushoto na kulia, kwa vishindo. Hirbai jasho linamtoka.

"Monghi! Ndivyo linavyotikisika?"

"Zaidi kidogo, Ba."

"Zaidi!" akawaamrisha. Anafanya mazoezi! Anataka siku ikifika asitapike mbele ya Thakorji. Walipomtikisa zaidi, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikuwa anacheka. Sote tukacheka, na mimi nikajificha uso kwa sari, maana kicheko changu kilikuwa kimegeuka.

Alipotulia akasema, "Nikifika Dwarka nife, sina neno. Lakini nikiwa njiani nisife. Njiani nataka kuangalia." Kisha, kwa desturi: ngozi, mfupa, gundi. Hakuna, Ba.

Na kila tone atakalokunywa njiani litatoka kwenye mtungi ule, kwenye rafu ile.

Nilikuwa namwita kero. Kero ni mimi.

Shravan 6, mwezi ukikua

Nimemwambia Baba Rambha kwamba siwezi kudanganya tena. Akasema ningoje tu, zimebaki siku chache, Basaheb atakwenda, atarudi, yatakwisha. Njia ya mwongo ni fupi, nikamwambia. Akasema, "Yangu ni ndefu ya kunitosha."

Shravan 8, mwezi ukikua

Nimesema.

Ngoja niandike vizuri. Nilikwenda na mapazia yaliyomalizika kushonwa. Basaheb alikuwa amekaa na Hirbai tu, Thakorji amelazwa, kwa hiyo tuliongea kwa kunong'ona. Akayapapasa mapazia, akasifu upindo. Nikasubiri maswali yangu. Kumbe nilikuwa nimeyazoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Hayakuja. Nikakaa, nikasubiri. Akaongea juu ya ndoo ya kuogea.

Mwisho nikasema mwenyewe, "Ba, leo hukuniuliza."

"Sikuulizi tena," akasema. "Nimekuchosha, masikini. Mtu haulizwi kila siku kama mwizi. Nimekuamini, imetosha."

Angeniuliza ningemjibu "hakuna", naapa ningemjibu. Lakini alivyosema vile nilishindwa. Nikaweka paji la uso sakafuni na kila kitu kikatoka, vigingi, daraja, mafundi wa mjini, gundi nyuma ya kiti, gundi kwenye rafu ya maji. Nikasema na mimi nimedanganya kwa kinywa changu, mara kwa mara, na chakula cha Thakorji nimekitema.

Hirbai alishika mdomo. Basaheb hakusogea.

"Bapu anajua?"

"Hajui, Ba. Kavasji Saheb pia hajui."

"Umenitazama usoni," akasema, "ukanijibu."

"Ndiyo, Ba."

"Mimi siioni sura yako. Naona ukungu tu. Sauti yako ndiyo niliyokuwa nayo." Kisha akasema, "Toka."

Nikatoka kinyumenyume. Kwenye kizingiti nilimsikia akimwambia Hirbai alete maji ya kuoga. Alikuwa ameshaoga asubuhi.

Nimerudi nyumbani nimelowa chapachapa. Baba Rambha alikuwa akinoa tindo. Aliniangalia mara moja tu.

"Umesema."

"Nimesema."

Akaendelea kunoa. Tangu hapo hajafungua kinywa.

Shravan 9, mwezi ukikua

Hakuna aliyekuja. Nimefunga vyombo vya shaba kwenye shuka, ili tukifukuzwa nivishike haraka.

Shravan 10, mwezi ukikua

Hakuna aliyekuja. Kila farasi akipita barabarani nalishika lile shuka. Baba Rambha hali chakula changu, amejipikia uji mwenyewe, ukaungua.

Shravan 11, mwezi ukikua

Hirbai amekuja, amejifunika mpaka puani, kama mwizi. Nilimkalisha jikoni. Hata salamu sikumpa.

"Tunafukuzwa lini?"

"Hamfukuzwi," akasema. "Basaheb haendi kwa treni."

Jana, anasema, Basaheb alimwita mwanawe mbele ya kuhani na mawaziri wote, yeye akiwa nyuma ya pazia, akatuma neno kwamba Thakorji amemjia ndotoni na kumwambia hataki moshi. Anataka gari la maksai, kama zamani. Na safari ianze kesho, maana maksai wanakwenda pole pole na siku ya kuzaliwa haingoji mtu. Bapu alipiga kelele mpaka njiwa wakatoka darini. Alisema mama, njia zote ni matope, mito imejaa, una miaka sabini! Alisema behewa limemaliza mwezi mzima wa karakana! Basaheb akatuma jibu moja tu, kwamba ndoto ni ndoto.

"Aliota kweli?" nikauliza, mjinga mimi.

"Dada Monghi, usiku huo hakulala hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa namkanda miguu." Hirbai akanishika mkono. "Alisema angetaja gundi, Bapu angewatoa mafundi wote na watoto wao kwenye mvua. Alisema hataki kufika Dwarka juu ya vilio vya watu. Na mapazia yako ameyachukua. Yatafungwa kwenye gari la maksai."

"Nije kumuaga?"

"Amesema usije. Amesema akikusikia atalia, na akilia Bapu ataanza kuuliza."

Alipoondoka nilikaa jikoni mpaka moto ukazimika. Kibibi cha watu! Alitaka kuona miti ikikimbia, na sasa atakaa kwenye matope siku tisa au kumi, mapazia yamefungwa pande zote, haoni kitu. Kwa ajili yetu. Baba Rambha alikuwa mlangoni, alikuwa amesikia yote.

Shravan 12, mwezi ukikua

Wameondoka asubuhi, mvua za rasharasha. Magari matatu, la katikati lina mapazia yangu. Sote wa mtaa wa mafundi tulisimama barabarani tumeinamisha vichwa. Sikuona kitu ila magurudumu, na moja lililia vibaya.

Nilipoinua kichwa Baba Rambha hakuwepo kando yangu. Nikamkuta ndani anatia vitu kwenye mfuko, tezo, tindo, keekee, msumeno mdogo.

"Unakwenda wapi?"

Akafunga mfuko.

"Baba Rambha, nakuuliza wewe."

"Umesikia lile gurudumu?" akasema. Ni neno la kwanza tangu siku ile. Akachukua gunia akajifunika kichwa, akatoka. Nilimfuata mpaka mwisho wa mtaa nikimpigia kelele kwamba hajachukua chakula, kwamba Kavasji Saheb atasemaje, kwamba ana kifua kibovu. Majirani wote walitoka kuangalia. Hakugeuka. Nikarudi kuchukua chapati, nikakimbia nazo, lakini alikuwa ameshavuka reli.

Shravan 1, mwezi ukipungua

Mvua.

Shravan 2, mwezi ukipungua

Mvua. Kavasji Saheb kaja mwenyewe kumuuliza. Nimesema amekwenda Dwarka kuhiji. Akasema, "Bila ruhusa?" Nikasema Mungu akiita haombi ruhusa. Akavua kofia, akakuna kichwa, akaondoka. Nimesema si mtu mbaya.

Anasema behewa sasa ni la Bapu mwenyewe, la kwendea kuwinda na wageni wake wa Kizungu. Chumba cha Thakorji wametia rafu za chupa za pombe.

Shravan 3, mwezi ukipungua

Mvua, mvua, mvua. Wanasema mto umemeza watu njia ya magharibi. Hawasemi ni watu gani. Jirani kaniletea mboga, hata hatujagombana.

Shravan 5, mwezi ukipungua

Vajsur amerudi. Ndiye aliyekuwa akiendesha maksai wa gari la Basaheb. Mguu wake ulibanwa, wamemrudisha kwa gari moshi, na badala ya kwenda kwake kwanza amechechemea mpaka hapa. Nilimkalisha barazani, nikamwekea mguu juu ya kinu, nikampa chai. Nilitaka kumtikisa ili maneno yatoke haraka.

"Wako hai?"

"Wako hai, dada. Watafika kabla ya siku."

"Na yule wangu?"

"Subiri, nitafika huko." Watu wa maksai wote ni hivyo hivyo. Akapuliza chai.

Anasema siku zote zile kulikuwa na mtu mmoja mwenye gunia kichwani, nyuma, mbali, kama mbwa aliyefukuzwa. Wakisimama, anasimama. Usiku analala chini ya vibaraza vya watu. Walidhani ni mwombaji. Kisha walipovuka mto, gurudumu la gari la Basaheb likazama kwenye tope, mataruma, zile fito za kati, yakavunjika, gari likalala upande na kumbana Vajsur mguu. Wanaume wote wakazunguka, wakavuta, wakashindwa. Basaheb hakuweza kutoka, maana wanaume wote wale wapo, na Hirbai alikuwa akilia juu yake. Maji yalikuwa yanapanda.

"Ndipo yule mwenye gunia akaja," akasema Vajsur. "Hakumsalimu mtu. Akakata mgunga, akachonga mataruma mapya pale pale kwenye mvua, na vigingi vyake, akaviingiza kimoja kimoja kwa jiwe. Hakuna msumari, dada. Mpaka alasiri. Gari likasimama, wala halilii."

Nilikuwa nimeshika nguzo ya baraza.

"Basi Hirbai akatoa kichwa nje ya pazia, akasema, 'Basaheb anauliza, fundi huyu ni wa wapi?' Na yeye akapiga magoti kwenye tope, akaweka paji la uso chini, akasema, 'Mwambie Ba ni yule wa gundi.'"

Vajsur akaniangalia kama mimi nitamweleza.

"Sisi sote hatukuelewa kitu. Kisha, dada Monghi, Mungu ni shahidi wangu, miaka yote hii nawaendesha maksai wa yule mama na sijawahi kuisikia sauti yake. Hakuna mwanamume wa nje aliyeisikia. Pale akasema mwenyewe, kwa kinywa chake, kutoka nyuma ya pazia, sote tukisikia. Akasema, 'Basi asitembee huko nyuma. Atembee hapa, karibu na gurudumu.'"

Akanywa chai yote iliyobaki, akapangusa masharubu.

"Dada," akasema, "ni gundi gani hiyo?"

Nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto. Nikachukua kikombe chake nikaingia ndani kumwongezea chai.